Kudhibiti Konokono Katika Tangi la Samaki Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Wiki Nane

Wengi wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani hushindwa kudhibiti konokono kwa sababu ile ile: huanza kwa kuwatoa, au kwa kuwatilia sumu, kabla ya kupunguza chakula kinachowafanya wazaliane. Konokono mia moja wakitolewa Jumamosi na chakula kikaendelea kumwagwa kama kawaida, haupiti muda mrefu kabla idadi ile haijarudi, na mwenye tangi huamini kwamba kazi yake yote ilikuwa bure. Kazi haikuwa bure; ilitangulizwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo naomba hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio zilivyoandikwa, hata pale ambapo mikono inawasha kuanza na mtego.

Lengo letu si kumaliza kila konokono. Konokono wachache hula mwani na majani yaliyooza, wala hawawadhuru samaki wazima. Lengo ni kuwafikisha kwenye idadi ndogo isiyopanda tena. Katika mifano yangu nitatumia tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo kwa hesabu lina lita 54, lakini ukiondoa changarawe na nafasi ya juu linabaki na takriban lita 45 za maji.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Ndoo mbili ambazo hazijawahi kutiwa sabuni.
- Mpira wa kunyonya maji wenye mdomo mpana wa kusafishia changarawe.
- Dawa ya kuondoa klorini, au maji ya bomba yaliyokaa wazi kwenye ndoo kwa saa 24.
- Vipimo vya amonia na nitriti, yaani sumu zinazotokana na chakula na kinyesi kinachooza majini.
- Glavu ndefu za mpira zinazofika karibu na kiwiko.
- Kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, ya kukwangulia kioo.
- Chupa tupu ya maji ya nusu lita, pamoja na majani ya sukuma wiki au kipande cha tango.
- Tochi, daftari na kalamu.
- Jik au dawa nyingine ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni ndani yake. Hii ni ya mimea mipya tu na haiingii katika tangi kamwe.

Usinunue dawa ya kuua konokono. Nitaeleza sababu baadaye.

## Hatua ya 1: Jua wametoka wapi, kisha jua ni wa aina gani

Swali la kwanza ni hili: je, konokono hawa, au mimea waliyokuja nayo, walitoka dukani au walitoka ziwani, mtoni, bwawani au kwenye majaruba ya mpunga? Kwa msomaji wa Ulaya swali hili linaweza kuwa dogo. Kwetu Afrika Mashariki ni swali la afya, kwa sababu konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho.

Kichocho cha tumbo, kinachopatikana sana kandokando ya Ziwa Victoria, huenezwa na konokono wa jamii ya *Biomphalaria*. Kichocho cha kibofu, ambacho Unguja na Pemba zimepambana nacho kwa miaka mingi, huenezwa na konokono wa jamii ya *Bulinus*. *Biomphalaria* ana ganda bapa lililojiviringa kama pembe ya kondoo, na anafanana mno na konokono bapa wanaouzwa au kuletwa na mimea ya dukani. *Bulinus* naye ana ganda ambalo tundu lake liko kushoto, sawasawa na konokono mdogo wa kawaida wa matangini. Kwa macho matupu usijiamini kuwatofautisha. Asili ya konokono ina uzito kuliko umbo lake.

Konokono aliyeambukizwa hutoa vimelea vidogo majini kwa muda wa wiki nyingi, hasa mchana kunapokuwa na mwanga. Vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache, lakini visipompata mtu hufa ndani ya siku moja au mbili. Jambo la kutuliza moyo ni kwamba konokono hawarithishi vimelea hivyo kupitia mayai. Watoto walioanguliwa ndani ya tangi lako ni salama, kwa kuwa ili waambukizwe ni lazima maji yafikiwe na mkojo au kinyesi cha mtu mwenye kichocho.

Basi, ikiwa asili ni ziwani au bwawani, usitie mkono mtupu katika tangi hilo. Vaa glavu katika kila hatua, wazuie watoto wasichezee maji hayo, na umtoe kila konokono mkubwa unayemwona kabla ya kuendelea na jambo lingine lolote. Ikiwa tayari uliingiza mikono na baadaye ukaona vipele vya kuwasha au damu katika mkojo, nenda kituo cha afya na ueleze wazi kwamba uliguswa na maji yenye konokono wa porini; dawa ya kichocho, prazikwanteli, inajulikana na inapatikana.

Ikiwa asili ni dukani, kuna aina tatu ambazo karibu kila mtu hukutana nazo.

Konokono kibofu (*Physella acuta*). Ni mdogo, ganda lake ni laini na jembamba, limechongoka nyuma. Ukilishika ncha ikielekea juu na tundu likikutazama, tundu liko upande wa kushoto. Hutaga mayai ndani ya ute unaofanana na tone la gundi kavu juu ya kioo au majani, na kila tone huweza kuwa na mayai kati ya 10 na 40. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, na akikosa mwenzake huweza kujirutubisha. Konokono mmoja anatosha kulijaza tangi.

Konokono bapa. Ganda lake limejiviringa kama kamba iliyokunjwa, na rangi yake ni ya kahawia, nyekundu au ya waridi. Naye hutaga katika ute.

Konokono tarumbeta (*Melanoides tuberculata*). Ganda lake ni refu, jembamba na gumu kama kijembe kilichosokotwa. Mchana hujifukia ndani ya mchanga na usiku hutoka. Huyu hatagi, huzaa watoto wakiwa hai, na jike huzaa bila dume. Kumtafutia mayai kwenye kioo ni kupoteza muda, na idadi unayoiona mchana ni ndogo sana kuliko idadi iliyopo.

Umefaulu hatua hii ukiwa umeandika katika daftari mambo mawili: asili yao na aina yao.

## Hatua ya 2: Wahesabu usiku

Baada ya taa kuzimwa kwa saa mbili, washa tochi na uhesabu konokono wote walio juu ya kioo cha mbele. Usihesabu tangi zima. Hutaweza, na hesabu itakuchosha kabla ya wiki ya tatu. Andika tarehe na idadi. Rudia kila wiki, siku ile ile, kwa muda ule ule.

Sababu ya kuhesabu ni kwamba macho hudanganya. Konokono wenye njaa hupanda juu ya kioo kutafuta mwani, kwa hiyo wiki ya kwanza na ya pili ya kupunguza chakula huweza kuonekana kana kwamba wameongezeka. Nimewaona watu watatu wakiacha mpango mzima katika wiki ya pili kwa sababu hiyo tu. Daftari litakuonyesha kwamba idadi hupanda kidogo, kisha huteremka.

Onyo moja katika hatua hii: ukiwaona konokono tarumbeta wengi wamepanda karibu na uso wa maji mchana kweupe, usishughulike kwanza na konokono. Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba maji yamechafuka au hewa imepungua. Pima amonia na nitriti wakati huo huo. Vyote viwili vinatakiwa kuwa sifuri. Vikizidi, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo na uhakikishe filta na pampu ya hewa vinafanya kazi.

## Hatua ya 3: Kata chakula

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Hatua hii ikifanywa vizuri, zile zinazofuata ni usaidizi tu. Ikiachwa, hakuna mtego wala samaki mlaji atakayekuokoa.

Konokono hawajitokezi kutoka hewani. Wanajengwa kwa chembe za chakula zilizoanguka chini, majani yaliyokufa, mwani na kinyesi cha samaki. Katika maji ya nyuzi 25 hadi 27 mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Watoto wakikuta chakula, wanakua na kutaga. Wasipokikuta, wengi hufa wakiwa wadogo, na wakubwa hupunguza kutaga.

Fanya hivi:

1. Lisha mara moja kwa siku, kiasi ambacho samaki wanakimaliza ndani ya dakika mbili. Weka saa mkononi siku tatu za kwanza. Chakula kinachogusa changarawe kimezidi, na siku inayofuata ukipunguze.

2. Mpe kazi ya kulisha mtu mmoja tu. Katika nyumba nyingi nilizoitwa kutazama tangi, tatizo halikuwa aina ya chakula. Baba alilisha asubuhi, dada wa kazi akalisha mchana kwa huruma, na watoto wakalisha jioni kwa furaha, kila mmoja akiamini kwamba ni yeye peke yake. Njia iliyofaulu zaidi ni kugawa chakula cha wiki katika vikaratasi sita vilivyoandikwa siku, ili anayefungua karatasi ya Jumanne ajue kwamba Jumanne imekwisha.

3. Vikaratasi ni sita kwa sababu siku ya saba samaki hawali. Samaki wazima wenye afya hawadhuriki kwa siku moja ya kufunga. Usifanye hivyo kwa vifaranga wa samaki, wala kwa samaki mgonjwa aliye katika matibabu.

4. Acha unga wa dagaa. Ni chakula cha bei nafuu na samaki hukipenda, lakini unga wake huenea majini, hupenya kati ya changarawe na kubaki huko, ambako samaki hawaufikii na konokono wanaufikia. Kama huna budi kuutumia, uloweke kwanza na uufinyange kuwa kidonge kidogo.

5. Kambare wadogo wanaolishwa vidonge vya kuzama wawekewe kidonge ndani ya kisahani kidogo, baada ya taa kuzimwa, na kisahani kitolewe asubuhi pamoja na konokono watakaokuwa wamekusanyika ndani yake.

6. Taa iwake kwa saa sita hadi nane tu, na tangi lisipigwe na jua la dirishani. Mwanga mwingi huotesha mwani, na mwani ni mlo wa pili wa konokono. Kata kila jani lililogeuka manjano au kuwa laini.

Dalili ya kufaulu baada ya wiki mbili hadi tatu ni kupungua kwa wale wadogo kabisa wenye ukubwa wa kichwa cha pini, pamoja na kupungua kwa matone ya mayai kwenye kioo. Wakubwa watakuwepo bado. Usikate tamaa kwa ajili yao. Kinachokwisha kwanza ni kizazi kipya.

Usijaribu kuwanyima konokono chokaa kwa kuyafanya maji kuwa na tindikali. Ni kweli kwamba maji laini (yenye madini machache) na yenye tindikali hula maganda yao, lakini mabadiliko ya haraka ya maji huwachosha samaki kabla hayajamgusa konokono.

## Hatua ya 4: Nyonya uchafu ulio chini

Mara moja kwa wiki, ingiza mdomo mpana wa mpira ndani ya changarawe hadi ufike chini, uache uchafu unyonywe juu na changarawe irudi chini, kisha usogee mahali pengine. Nyonya nusu ya sakafu ya tangi wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huishi pia kwenye changarawe, na kuwavuruga wote kwa siku moja si busara.

Usivute maji kwa mdomo, hata kama fundi wako hufanya hivyo. Jaza mpira wote maji kwa kuuzamisha, ziba mwisho mmoja kwa kidole, uteremshe ndani ya ndoo iliyo chini kuliko tangi, kisha uachie. Kwa tangi lenye konokono wa asili ya ziwani, agizo hili ni la lazima.

Maji utakayotoa yasizidi robo, yaani takriban lita 11 kwa tangi letu la mfano. Rudisha maji yasiyo na klorini na yenye joto linalokaribiana na lile la tangini.

Sifongo la filta huoshwa ndani ya ndoo yenye maji ya tangi yaliyotolewa, si chini ya bomba. Likamue mara kadhaa na uangalie chini ya ndoo; utashangazwa na idadi ya konokono wadogo wanaotoka humo, maana filta huwaletea chakula bila wao kusogea.

## Hatua ya 5: Watoe kwa mkono na kwa mtego

Sasa, baada ya wiki mbili za hatua ya 3 na ya 4, kuwatoa kuna maana, kwa kuwa wanaotolewa hawarudishwi upesi.

Mayai hukwanguliwa kwa kadi ya plastiki huku mdomo wa mpira ukiwa karibu, ili ute unyonywe kabla haujaanguka. Angalia chini ya majani, kwenye shingo ya filta, na pembeni mwa gundi ya silikoni inayoshika vioo.

Kwa mtego, kata chupa ya nusu lita karibu na mabega yake, ugeuze sehemu ya mdomo iingie ndani ya chupa kama faneli, na uibane. Weka ndani kokoto moja safi ya kuizamisha na jani la sukuma wiki lililochemshwa dakika moja au mbili. Jani bichi huelea na ni gumu. Lililochemshwa huzama na konokono hulinusa upesi. Ilaze chupa chini taa zinapozimwa na uitoe asubuhi na mapema kabla jani halijaoza. Fanya hivyo usiku tatu kwa wiki.

Mahali penye samaki wadogo wanaopenda kujificha, kama vile vifaranga vya gapi, usitumie chupa, kwa maana wataingia na kushindwa kutoka. Tumia kipande cha tango kilichochomwa kijiti, ukiinue taratibu asubuhi pamoja na wote walioking'ang'ania. Kwa konokono tarumbeta, tango lililolala juu ya mchanga usiku hufanya kazi kuliko mkono wowote.

Mmoja mmoja aweza kupondwa kwenye kioo ili samaki wamle, ikiwa asili yake ni dukani. Usiwaponde wengi kwa pamoja: nyama isiyoliwa huoza na kupandisha amonia. Aliyetoka ziwani hapondwi kabisa.

Waliokusanywa wasimwagwe mtaroni, mtoni wala chooni wakiwa hai. Wamwagie maji yanayochemka, au wafunge ndani ya mfuko na kuwaweka kwenye friza kwa saa 24, kisha wafukie shambani. Nasisitiza hili kwa sababu madhara yake tumeyaona: mwaka 2020 konokono tufaha, mgeni kutoka Amerika ya Kusini anayejulikana pia katika biashara ya samaki wa mapambo duniani, alionekana katika skimu ya mpunga ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, naye hula miche ya mpunga ikiwa bado michanga. Ukiwahi kuona kishada cha mayai ya rangi ya waridi kali juu ya usawa wa maji, ni wake. Usimwachilie nje ya tangi akiwa hai kwa hali yoyote.

Kufaulu hapa ni mtego ambao, kufikia wiki ya sita, unatoka na wachache au bila kitu.

## Hatua ya 6: Samaki mlaji, ikiwa ni lazima kweli

Watu wengi huanza na hatua hii, nami ningependa wengi waiache. Mlaji ni mnyama mwenye mahitaji yake, na konokono wakiisha, yeye atabaki.

*Chromobotia macracanthus*, samaki mwenye mistari mieusi juu ya rangi ya chungwa, huuzwa akiwa na sentimita tano na hufikia karibu sentimita 30. Huishi kwa kundi na huhitaji tangi la lita mia kadhaa. Katika lita 45 atateseka. Samaki puto mdogo wa Kusini mwa India, *Carinotetraodon travancoricus*, hukua sentimita mbili na nusu tu na hula konokono kwa bidii, lakini hukata mapezi ya wenzake, hivyo hufaa kuwekwa peke yake.

Aliye afadhali kwa tangi dogo ni konokono mla konokono, *Anentome helena*, kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia. Hana madhara kwa samaki wazima, huzaliana polepole na huhitaji dume na jike. Wanne au watano wanatosha kwa tangi la mfano, na kazi yao huonekana baada ya miezi, si siku.

Wakazi wa kanda ya ziwa huniuliza kuhusu furu mla konokono, *Astatoreochromis alluaudi*, samaki wetu wa Ziwa Victoria ambaye amewahi kujaribiwa dhidi ya konokono wa kichocho. Ana taya la kooni linalosaga maganda. Hata hivyo taya hilo hukua kulingana na chakula: akilelewa kwa vyakula laini, linabaki jembamba na hamu ya kusaga hupungua. Naye ni mkali kwa samaki wadogo. Simpendekezi kwa tangi la mchanganyiko.

## Vitu visivyotiwa tangini

Mrututu na dawa zote zenye shaba huua konokono, lakini huua pia kamba wadogo, na katika maji laini huwadhuru samaki. Shaba hunata kwenye changarawe na silikoni na kuendelea kutoka polepole. Zaidi ya hapo, konokono mia mbili waliokufa kwa usiku mmoja ndani ya changarawe ni nyama inayooza mahali usipoifikia, na asubuhi samaki huonekana wakitweta juu ya maji. Hiyo ndiyo ajali niliyoishuhudia mara nyingi kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Niklosamidi, inayotumika kuua konokono wa kichocho katika mifereji, ni sumu kali kwa samaki. Vidonge vya konokono vya duka la pembejeo vimetengenezwa kwa ajili ya bustani. Utupa ni mmea ambao wazee wetu walivulia samaki kwa kuwalewesha. Usimsikilize anayekuambia kwamba kidogo hakidhuru. Chumvi ya kiasi cha kumuua konokono humaliza mimea kwanza.

## Hatua ya 7: Funga mlango

Katika wiki zote nane usiongeze mmea wowote. Baada ya hapo, kila mmea mpya upitie njia hii.

Kwa mimea yenye majani magumu, kama *Anubias*, soma kwanza kiwango cha klorini kwenye chupa. Ikiwa ni asilimia 5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 19 za maji. Ikiwa ni asilimia 3.5, sehemu 1 kwa 12. Zamisha mmea kwa dakika mbili tu, usuuze kwenye maji yanayotiririka, kisha uutie katika ndoo yenye dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo maradufu hadi harufu iishe kabisa. Fanya kazi hii nje au dirishani, na usichanganye kamwe dawa hiyo na dawa ya choo au siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Mimea laini kama *Vallisneria* huungua kwa klorini. Iloweke katika maji ya shabu (ile chumvi nyeupe ya kusafishia maji), kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne, kwa saa 24, kisha isuuze. Shabu haina nguvu ya kutosha juu ya mayai, kwa hiyo karantini ndiyo itakayomaliza kazi.

Karantini ni wiki nne ndani ya ndoo nyeupe isiyo na samaki, karibu na dirisha. Weupe wa ndoo hukusaidia kuwaona konokono wadogo. Kila wiki badilisha maji na ukague majani pande zote mbili. Mmea uliotoka ziwani hushikwa kwa glavu muda wote, na maji yake humwagwa juu ya ardhi kavu mbali na kisima.

Wavu mmoja usitumike katika matangi mawili bila kuloweshwa maji ya moto na kukaushwa.

## Ikiwa wiki ya nane idadi haijashuka

Tazama daftari. Ikiwa hesabu imepungua kwa zaidi ya nusu, endelea vivyo hivyo kwa mwezi mwingine. Huo ni mwendo mzuri, hasa kwa konokono tarumbeta ambao huwa wa mwisho kupungua. Ikiwa haijasogea, kuna chakula usichokijua. Inua mapambo yote uangalie chini yake, fungua filta yote na si sifongo peke yake, chunguza mizizi ya mimea iliyooza, na uwaulize watu wa nyumbani, kwa upole, nani mwingine analisha.

Kuanza upya kunastahili katika hali moja: konokono wa ziwani walioenea kiasi kwamba huna uhakika umewatoa wakubwa wote. Hapo, kwa glavu, wahamishe samaki katika ndoo yenye pampu ya hewa, tupa changarawe ya zamani na ununue mpya, kwa kuwa konokono tarumbeta hujifunga ndani ya ganda na kuvumilia ukavu kwa muda. Osha vioo kwa maji ya moto kiasi, yasiyochemka, yasije yakapasua kioo, kisha uliache tangi likauke juani. Hifadhi sifongo la filta ndani ya maji ya tangi na ulikamue mara nyingi, maana bakteria waliomo ndio watakaowalinda samaki. Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki mbili za kwanza, lisha nusu ya kawaida, na usiku wa siku ya kumi washa tochi uhesabu tena kioo cha mbele.